Nyoka Katika Viwanja vya Shule: Kumtambua, Kumwepuka na Kumwondoa Bila Madhara

Mvua za masika zinapoanza, nyasi huota haraka katika viwanja vya shule, vyura hujaa kwenye madimbwi, na panya huhamia katika stoo kufuata mahindi ya uji wa wanafunzi. Nyuma ya vyura na panya hao hufuata nyoka. Ndipo husikika ukelele unaojulikana katika kila shule: "Nyoka! Nyoka!" Watoto wadogo hukimbilia kutazama badala ya kuondoka, wavulana wakubwa huokota mawe, na mwalimu wa zamu hutafuta fimbo ndefu.

Dakika hizo chache ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Nyoka aliyeonwa na kuachiwa nafasi hawezi kumuuma mtu aliye mbali naye. Nyoka aliyezingirwa na kupigwa mawe hujitetea kwa silaha pekee aliyonayo. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo wazazi, walimu na wakazi wa kila kata wanapaswa kulifahamu ni hili: usalama wa mwanafunzi hautokani na wingi wa nyoka waliouawa, bali hutokana na umbali unaowekwa kati ya mtoto na nyoka, usafi wa mazingira ya shule, na wepesi wa kumfikisha hospitali mtoto aliyeumwa.

Wilaya ya nyoka wa aina nyingi

Wilaya ya Muheza inaanzia kwenye minazi ya Kigombe, ufukweni mwa Bahari ya Hindi, ikapita katika mashamba ya mkonge ya Ngomeni na bustani za michungwa, hadi kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Tofauti hii ya mwinuko, joto na mvua ndiyo inayofanya nyoka wa eneo hili wawe wa aina nyingi. Baadhi yao ni wa milima ya Tanzania peke yake, kama vile kipiri mdogo wa msituni mwenye vijipembe juu ya macho, anayeishi katika misitu ya Usambara na milima mingine michache ya nchi hii.

Kwa sababu hiyo, shule ya pwani na shule ya mlimani hazina nyoka wale wale. Shule iliyo kati ya minazi na mikorosho itegemee nyoka wa mitini. Shule iliyopakana na mashamba itegemee nyoka wafuatao panya. Mwalimu mpya anayehamia kituoni hana budi kuwauliza wazee wa kijiji ni nyoka gani huonekana, wapi, na katika msimu upi. Maarifa hayo ya wenyeji ni hazina, hata pale ambapo jina la nyoka hubadilika kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Nyoka wenye sumu wanaostahili kufahamika

Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni nyoka mnene, mfupi na mzito, mwenye michoro mithili ya herufi V mgongoni. Rangi yake hufanana na majani makavu na udongo. Huyu ni miongoni mwa nyoka wanaoongoza kwa kuuma watu barani Afrika, na sababu yake ni tabia moja: hakimbii. Mtu anapomkaribia, hutulia akitumaini kutoonekana. Mara nyingine hujaza pumzi na kuitoa kwa mvumo mkubwa ili kuonya. Anayemkanyaga ndiye anayeumwa, hasa alfajiri na usiku. Sumu yake huleta maumivu makali na uvimbe, na huozesha nyama ya sehemu iliyoumwa.

Swila ni jamii ya fira anayetema sumu. Akitishwa huinua sehemu ya mbele ya mwili na kutanua shingo, kisha huweza kurusha sumu kuelekea machoni kwa umbali wa mita mbili au zaidi. Watoto wanaomzunguka na kumtazama kwa karibu ndio wanaoumia macho. Swila huuma pia. Mwaka 2007 wanasayansi walitambua rasmi kwamba swila mkubwa wa kahawia wa Afrika Mashariki ni aina inayojitegemea. Walimpa jina la James Ashe, mwasisi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichopo Watamu, katika pwani ya Kenya.

Koboko ni mrefu na mwembamba, na huweza kuzidi mita tatu. Ingawa wengi humdhania kuwa mweusi, mwili wake ni wa kijivu au wa rangi ya zeituni. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Hupenda kukaa kwenye vichuguu, mapango ya miti na mirundo ya mawe. Akiwa na njia ya kutorokea, huitumia. Akizibiwa njia, huuma kwa haraka na pengine zaidi ya mara moja. Ndugu yake wa kijani huishi juu ya miembe, minazi na mikorosho ya pwani na hushuka chini mara chache. Sumu ya nyoka hawa wawili hulegeza misuli, ikiwemo ile ya kupumulia.

Wapo pia nyoka wa mitini wanaopuuzwa kwa kuwa ni wapole. Mmoja wao hufanana kabisa na kijiti kikavu, hujinyoosha tawini bila kutikisika, na aina yake mojawapo imepewa jina la kisayansi linalotokana na Usambara. Sumu yake huzuia damu kuganda, na hakuna dawa maalumu ya kuizima. Mtoto anayeparamia mti bila kutazama, au anayevuta "kijiti" kwa mzaha, hujiweka hatarini.

Nyoka wasio na sumu na faida yao

Chatu hana sumu, lakini ana meno makali na nguvu nyingi; asisogelewe. Nyoka wa nyumbani, wa rangi ya kahawia na mwenye mstari hafifu unaopita kwenye jicho, hana sumu. Huingia katika majengo usiku kwa sababu moja tu, nayo ni panya. Nyoka ukuti, mwembamba na wa kijani, hula vyura na mijusi. Nyoka kipofu, anayefanana na mnyoo mkubwa na kuonekana baada ya mvua, hula mchwa na sisimizi.

Stoo ya shule yenye magunia ya mahindi na maharage haina mlinzi wa bei nafuu kuliko nyoka alaye panya. Panya hutoboa magunia, huchafua chakula kwa mkojo na kinyesi chao, na hueneza magonjwa. Pale nyoka wote wanapouawa bila kubagua, panya hubaki na kuongezeka. Wingi wa panya nao huwaita nyoka wengine, wakiwemo wenye sumu.

Hata hivyo, maelezo haya hayatolewi ili mtu ajaribu bahati yake. Nyoka ukuti huweza kufananishwa na koboko wa kijani hata na mtu mzima mwenye uzoefu. Imani kwamba nyoka mwenye sumu hujulikana kwa kichwa cha pembetatu si sahihi, kwa kuwa kichwa cha swila hakina umbo hilo. Yupo nyoka mdogo mweusi wa kuchimbachimba, atokaye ardhini usiku baada ya mvua, anayedhaniwa kuwa hana madhara. Meno yake huchomoza kando ya kinywa, hivyo huweza kumchoma hata mtu aliyemshika nyuma ya kichwa. Kumtambua nyoka humsaidia mtoa taarifa na daktari. Hakumpi mtu ruhusa ya kumshika.

Anapoonekana shuleni

Shule yenye utaratibu ulioandikwa na kuzoezwa haipotezi muda kwa hofu. Utaratibu huo uwe mfupi kiasi cha kukumbukwa na mwanafunzi wa darasa la kwanza: simama, rudi nyuma, mwite mtu mzima.

Kwanza, wanafunzi waondolewe hadi umbali usiopungua hatua kumi za mtu mzima, na wasirudi kutazama. Pili, mtu mzima mmoja abaki kwa mbali akimwangalia nyoka ili ajulikane alipo. Nyoka aliyepotea machoni huzua hofu kubwa kuliko aliye mahali panapojulikana. Tatu, nyoka aachiwe njia ya kuondokea. Aliye katika uwanja wazi, akikosa wa kumsumbua, aghalabu huenda zake kichakani ndani ya muda mfupi.

Ikiwa ameingia darasani, bwenini au stoo, watu watoke, mlango ufungwe, na mwanya wa chini uzibwe kwa gunia au nguo. Iwapo chumba kina mlango unaoelekea nje penye kichaka na hakuna watu upande huo, mlango huo uachwe wazi. Mwalimu mkuu atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, ambaye ataifikisha kwa Afisa Wanyamapori katika ofisi ya maliasili ya wilaya. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka mbali humsaidia mtaalamu kujua anamfuata nyoka gani na aje na vifaa gani. Mlango ubaki umefungwa hadi afike, na masomo yaendelee chini ya mti au katika chumba kingine.

Mambo ya kuepukwa ni kumrushia mawe, kumchokonoa kwa fimbo, kumwagia mafuta ya taa au kuwasha moto kwenye tundu lake. Mbali na ukatili wa vitendo hivyo, moto wa tundu moja umewahi kuwa moto wa paa katika mahali pengi. Hata nyoka aliyekufa asishikwe, kwa kuwa kichwa chake huweza kuuma kwa muda baada ya kukatwa.

Kukamata nyoka ni kazi ya waliofunzwa. Bwana Ionides, aliyejulikana kusini mwa Tanzania kwa jina la Bwana Nyoka na kufariki mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka katika maisha yake. Pamoja na ustadi wote huo, aliumwa mara kadhaa. Mwalimu aliyeazimwa ndoano na jirani yake hawezi kuwa salama kuliko yeye. Aidha, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wanyamapori kwa ajili ya kuwafuga au kuwauza bila kibali.

Kuondoa kinachomwita nyoka

Nyoka haji shuleni kuwafuata watoto. Hufuata chakula, maji na maficho. Shule ikiviondoa hivyo vitatu, imemwondoa nyoka bila kumgusa.

Maficho ndiyo yaanze. Matofali yaliyorundikwa kusubiri ujenzi wa darasa, madawati mabovu nyuma ya ofisi, mabati ya zamani, magogo na kuni za jikoni ni nyumba bora kwa kifutu na swila. Vifaa vinavyohitajika vipangwe juu ya vichanja, mbali na madarasa na vyoo, visivyohitajika viondolewe. Anayehamisha rundo asitie mkono asipopaona, bali atumie jembe au fimbo ndefu, naye avae viatu vinavyofunika mguu. Nyasi zifyekwe ziwe fupi, hususan kando ya njia za kuendea vyooni, kisimani na shamba la shule. Matawi yanayogusa paa au madirisha yakatwe.

Kisha chakula. Nafaka ihifadhiwe katika mapipa au magunia yaliyowekwa juu ya vichanja na mbali na ukuta, mabaki ya uji na maganda yatupwe katika shimo linalofukiwa, na matundu ya ukutani yazibwe kwa saruji. Mlango wa stoo usiwe na mwanya unaopitisha kidole. Bomba linalovuja litengenezwe, kwa sababu dimbwi la kudumu hukusanya vyura.

Shule zenye mabweni ziwe na uangalizi wa ziada. Vitanda visogezwe mbali na ukuta, nguo zisirundikwe sakafuni, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Chandarua kile kile kinachozuia mbu wa malaria humzuia pia nyoka anayetambaa usiku. Njia ya chooni iwe na taa, au kila mwanafunzi atokaye usiku awe na tochi.

Wapo wanaotegemea vitunguu saumu, chumvi, mafuta ya taa au moshi wa tairi kumfukuza nyoka. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba vitu hivyo hufanya kazi, na moshi wa tairi huwadhuru watoto wanaouvuta. Siku moja ya msaragambo, wazazi wakija na mafyekeo na majembe kabla ya masika na kabla ya vuli, inafanya zaidi ya chupa nyingi za mafuta ya taa.

Mtoto akiumwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengine wengi zaidi hubaki na ulemavu wa kudumu. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Mwaka 2019 lilitangaza mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Watoto huathirika zaidi kwa sababu sumu ile ile huingia katika mwili mdogo.

Mtoto aondolewe alipo nyoka, alazwe na kutulizwa. Avuliwe pete, bangili, shanga, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Mguu au mkono ulioumwa ufungwe kwenye ubao au fimbo iliyonyooka, kama afanyiwavyo mtu aliyevunjika mfupa, bila kukazwa. Asitembezwe wala asikimbizwe kwa miguu yake. Akitapika, alazwe ubavu wa kushoto. Saa ya tukio ikumbukwe, na umbo na rangi ya nyoka vielezwe hospitali. Asitafutwe nyoka huyo ili apelekwe pamoja na mgonjwa.

Yasifanywe haya: kufunga kamba kwa kukaza juu ya jeraha, kuchanja kwa wembe, kunyonya damu, kumnywesha dawa za kienyeji au pombe, na kumwekea jiwe jeusi la nyoka. Kamba iliyokazwa huzuia damu na huweza kusababisha kiungo kukatwa. Jiwe la nyoka limepata sifa kwa sababu inayoeleweka: watu wengi huumwa na nyoka wasio na sumu, na hata nyoka mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Mtu huyo angepona hata asingetibiwa, lakini sifa huenda kwa jiwe. Siku ambayo sumu imeingia kweli, saa zilizotumika kwa jiwe hazirudi. Waganga wa jadi wanaoheshimiwa vijijini wanaweza kuokoa maisha kwa kuwa wa kwanza kusema: mpelekeni hospitali.

Mtoto asiyelia kwa maumivu asihesabiwe kuwa salama. Kuumwa na koboko huweza kuacha alama ndogo na uvimbe kidogo, kisha kope zikalegea, kumeza kukawa kugumu na pumzi ikapungua. Kila aliyeumwa afikishwe kituo cha afya au hospitali na abaki chini ya uangalizi.

Aliyetemewa sumu machoni aoshwe mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Asisugue macho, na asiwekewe majani, maziwa ya mti wala mkojo. Kisha apelekwe kwa mtaalamu hata kama maumivu yamepungua.

Dawa ya kuzima sumu hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi, waliozoezwa sumu hiyo kidogo kidogo. Huweza kuleta mzio mkali, hivyo hutolewa na mtaalamu wa afya pekee, mahali penye dawa za dharura. Haifai kuwekwa shuleni. Kinachopaswa kuwepo shuleni ni mpango wa usafiri: nani mwenye gari, nani dereva wa bodaboda aliye karibu, na ni kituo gani cha afya kinachopigiwa simu kwanza ili kieleze mgonjwa apelekwe wapi. Nchini Nepal, vijiji vilivyopanga madereva wa pikipiki wa kujitolea kuwakimbiza walioumwa vilipunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Mgonjwa hukaa katikati, dereva mbele na msaidizi nyuma akimshikilia. Kwa shule za Tarafa ya Amani, zinazotenganishwa na mji wa Muheza na barabara ndefu ya mlima, mpango huo usisubiri siku ya tukio.

Kazi ya kila mmoja

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Shule haina haja ya kungoja kuumwa ndipo ishtuke. Kamati ya shule inaweza, katika kikao kimoja, kukagua mazingira, kupanga tarehe ya msaragambo na kubandika ukutani majina na namba za simu za mtendaji, kituo cha afya na dereva wa dharura. Walimu wanaweza kutumia dakika chache za mstarini kuwazoeza wanafunzi maneno yale matatu. Mzazi naye awafundishe watoto kuangalia wanapokanyaga, kutotia mkono katika tundu au kichuguu, na kutoufuata mpira uliopotelea kwenye nyasi ndefu bila kumwita mkubwa.

Mtoto aliyezoea kusimama, kurudi nyuma na kumwita mtu mzima atafanya hivyo hivyo akiwa peke yake njiani alfajiri, kati ya michungwa, pasipo mwalimu wala fimbo. Hapo ndipo mafunzo ya shule yatakapomfaa zaidi.